Shukuru Uzima, Halafu?

Mtu analalamika kijiweni pale Mbuyuni, Moshi. Mafuta ya kupikia yamepanda, ada ya mtoto haijatimia, pikipiki imekufa klachi tena. Haipiti dakika kabla mwenzake hajamjibu: "Shukuru uzima, kaka. Wenzako wamelala KCMC." Yaani hospitali ya rufaa. Mlalamikaji anaguna, anasema "ni kweli," na mazungumzo yanahamia kwa Simba na Yanga. Mtazame usoni. Hajapata nafuu yoyote. Amefungwa mdomo kistaarabu.

Jibu hilo tumelirithi na tunalitoa bila kufikiri, ndiyo maana inafaa kulifungua tuone limebeba nini. Ndani yake yamefungwa pamoja mambo yasiyofanana: kuchangamka, kuridhika na maisha, na kushukuru. Mtu anaweza kuwa na moja akakosa jingine. Aliyekosa moja ukimpa dawa ya jingine, haponi, halafu anaanza kujiona ana roho mbaya.

Ngazi na kicheko

Kila Machi hutoka Ripoti ya Furaha Duniani, na kila Machi Watanzania huchukia. Finland imeshika namba moja mfululizo tangu 2018. Sisi tumezoea kuwa mkiani. Ripoti ya 2017 ilituweka nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Mtu anasoma hivyo akiwa ametoka kwenye send-off ya binamu yake, ambako shangazi wa miaka sabini na kitu alicheza mpaka viatu vikamshinda akavitupa chini ya meza. Anauliza, kwa haki kabisa: hawa wapimaji wamewahi kufika Moshi?

Ukisoma swali lenyewe linaloulizwa, utata unaisha. Mhojiwa haulizwi kama amecheka. Anaambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 mpaka 10, juu kabisa yakiwa maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata, chini kabisa yakiwa mabaya kuliko yote, kisha aseme yeye amesimama kidato gani. Kipimo hicho kilibuniwa na Mmarekani Hadley Cantril miaka ya 1960, na ni swali la hesabu za maisha: kazi, kipato, afya, watoto wanaelekea wapi. Mama anayepanga ndizi chini pale sokoni anaweza kujibu "tatu" bila kusita, kwa sababu anajua mtaji wake, anajua deni la vikoba, na anajua mwanawe aliyemaliza chuo bado yuko nyumbani. Dakika hiyo hiyo anaweza kuwa anamtania jirani yake mpaka wote wawili wanafuta machozi. Hajadanganya popote. Ametoa majibu mawili ya maswali mawili.

Kicheko nacho kina kanuni zake. Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi kusikiliza watu wakicheka, aligundua kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka karibu mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Tena vitu vingi vinavyochekwa si vichekesho. Ni maneno ya kawaida tu, "haya bwana, tutaonana," yanayochekesha kwa sababu fulani yupo. Kwa hiyo anayeulizia jinsi ya kuchangamka, swali la kwanza si anawaza nini. Ni anakaa na nani. Jamaa aliyehamia nyumba nzuri yenye geti jeusi, akaacha kijiwe, akaacha kunyolewa pale alipokuwa akinyolewa, anaweza kupanda vidato viwili kwenye ngazi ya Cantril na wiki nzima ikapita hajacheka kwa sauti. Ninawajua wa namna hiyo, na wengi hawaelewi kilichowapata.

Mlima ambao hatuuoni

Hapo kwenye kushukuru ndipo penye kazi ngumu, na adui yake mkubwa si umaskini. Ni mazoea.

Chukua mlima. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina mita 5,895, hakuna mahali pa juu zaidi Afrika nzima, na watu huvuka bahari kuja kuuona. Sisi tunaamka chini yake. Hata namna ya kuupata ukiwa wazi inajulikana: usiku hewa ya mlimani hupoa na kuteremka, mawingu yanatawanyika, na alfajiri mpaka saa mbili au tatu asubuhi kilele mara nyingi huwa peupe. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu kutoka ukanda wa msitu inapanda, inakutana na baridi huko juu na kugeuka mawingu. Kufika saa nne mlima umejifunika. Jioni hufunguka tena kidogo. Una ratiba kama daladala, isipokuwa wenyewe unaifuata.

Sasa simama karibu na mnara wa saa, saa moja asubuhi, siku ambayo kilele kimetoka chote. Mgeni mwenye begi mgongoni amesimama pasipostahili akipiga picha, konda anamfokea. Mama wa vitumbua ameupa mlima mgongo. Wanafunzi wanakimbilia kengele. Mwenye bodaboda macho yako barabarani, maana abiria hashuki kutoka Kibo. Katika watu wote hao, anayeuona mlima ni yule atakayeondoka keshokutwa.

Si kwamba wenyeji wana mioyo migumu. Ubongo wa mtu umeumbwa kutoa taarifa za kinachobadilika, na kisichobadilika unakiacha kando ili upate nafasi ya mengine. Harufu ya nyumba yako huisikii. Saa iliyo mkononi huihisi. Mume anayerudi nyumbani kila siku saa kumi na mbili na nusu, hajalewa, ana mkate mkononi, naye baada ya miaka michache anaacha kuonekana. Ataonekana siku asiporudi.

Wanasaikolojia wamelichunguza hili kwa muda mrefu. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa 1978, wa Philip Brickman na wenzake wawili, waliowahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, watu 22 wa maeneo yale yale ambao hawakushinda, na watu 29 waliopooza kwa ajali. Washindi hawakuwazidi majirani zao furaha kwa kiasi cha maana. Lakini kilichonishika mimi ni kingine. Walipoulizwa kuhusu raha ndogo za kila siku, kuongea na rafiki, kunywa chai ya asubuhi, kusikia kichekesho, kusifiwa, washindi wa fedha walisema wanazifurahia kidogo kuliko wasioshinda. Siku ile moja kubwa ilikuwa imezifanya asubuhi za kawaida zionekane hazina ladha.

Utafiti huu husimuliwa vibaya karibu kila unapotajwa kwenye semina za "fikra chanya": eti waliopooza walikuwa na furaha sawa na matajiri wapya. Hapana. Walikuwa chini yao, na tofauti ilionekana wazi. Kilichoshangaza ni kwamba hawakuwa chini sana kama ambavyo wengi tungedhani. Na tafiti za baadaye nchini Ujerumani, zilizowafuatilia watu wale wale mwaka hadi mwaka, zilionyesha kwamba kupoteza kazi kunaacha alama hata baada ya mtu kupata kazi nyingine. Mazoea, basi, hayana haki. Mazuri tunayazoea mapema. Mabaya mengine hayazoeleki, na anayemwambia mtu "utazoea tu" anasema asichokijua.

Hata hivyo kuna saa mazoea yanapasuka. Wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa 2023, taa zikirudi usiku, mitaa ya Pasua na Majengo ililipuka kwa kelele za watoto, na watu wazima nao wakatabasamu gizani kabla giza halijaisha vizuri. Kwa dakika kumi kila mtu alikuwa na shukrani kwa balbu. Friji ikaunguruma, simu ikachomekwa, pasi ikatafutwa. Dakika ya kumi na moja mtu akaanza kugombana na mwenzake kuhusu rimoti. Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, mgao ulipungua na kelele zikapungua nao. Sijamsikia anayeshangilia umeme ambao haukukatika.

Juu ya mazoea kuna jambo la pili, nitalipitia haraka kwa kuwa kila mwenye duka analijua. Baya hulemea zaidi ya jema lenye ukubwa ule ule. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kwa upande wa fedha mwaka 1979: uchungu wa kupoteza huizidi raha ya kupata, na makadirio ya baadaye yameweka tofauti hiyo karibu mara mbili. Mangi anauza kutwa nzima, watu wanalipa, wanamsalimia, mtoto anamwita babu. Mmoja anachukua kreti ya soda kwa mkopo na kuzima simu. Usiku mezani, mke wake atasikia habari za nani? Watu wa kale waliopuuza mchakacho kwenye majani hawakuacha wajukuu, hivyo tumebaki sisi, wazao wa wenye wasiwasi.

Daftari, na kwa nini linachosha

Kama mazoea ndiyo yanayofuta mazuri, kushukuru ni kazi ya kuyaandika upya. Ni kazi ya macho kabla ya kuwa ya moyo. Watu wengi wanangoja wahisi shukrani ndipo waangalie, na kwa utaratibu huo watangoja sana.

Robert Emmons wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 majaribio ambayo ndiyo yaliyoleta mtindo wa "daftari la shukrani." Wanafunzi waligawanywa. Kundi moja waliandika kila wiki, kwa wiki kumi, hadi mambo matano ya kushukuru. Jingine waliandika kero. Jingine waliandika matukio tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi kuliko wenzao, na waliripoti kufanya mazoezi ya mwili zaidi kuliko walioandika kero.

Wauzaji wa matumaini huishia hapo. Mtafiti mwingine, Sonja Lyubomirsky, alijaribu kipimo cha dozi: kundi moja lihesabu baraka mara moja kwa wiki, jingine mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Wa mara moja walinufaika. Wa mara tatu hawakunufaika. Maelezo yenye mantiki ni kwamba shukrani nayo huzoeleka. Ukiisema kila saa inageuka kelele ya nyuma, na anayejua sala ya chakula iliyosomwa kwa pumzi moja huku mkono uko tayari kwenye kijiko hahitaji mtafiti wa kumweleza hilo.

Kinachoifanya ishike ni umahususi. "Nashukuru kwa chakula" ni sentensi isiyo na chakula ndani. Linganisha na hii: mtori wa jana. Ndizi za mshare, si zile za kuokoteza. Zimechemka na nyama ya mfupa mpaka zikawa tayari kupondwa kwa mwiko bila kubaki mabonge. Mtu alizimenya. Ndizi mbichi ina utomvu unaotia vidole weusi usiotoka kwa sabuni, na asiyepaka mafuta mikononi kabla ya kuanza atakaa na alama hizo kwenye kucha siku tatu nzima. Dada aliyemenya ndizi za jana hakupaka, kwa kuwa alikuwa na haraka, kwa kuwa mgonjwa alikuwa anasubiri. Ukifika hapo huna haja ya kujilazimisha kuhisi kitu. Umeona vidole vya mtu.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kuliko daftari. Minkyung Koo na wenzake, mwaka 2008, waliwaomba watu walio kwenye mahusiano waandike jinsi walivyokutana na wenzi wao. Wengine wakaombwa waandike jinsi ambavyo wangeweza wasikutane kabisa. Waliofikiria kutokutana ndio waliotoka wakiwa wameridhika zaidi na uhusiano wao. Yaani badala ya kujumlisha, toa. Kama siku ile usingepanda Coaster ya Himo iliyokuwa imejaa, ukangoja nyingine. Kama dalali angempa chumba kile mtu aliyefika kabla yako. Kama jirani asingekuwa macho saa nane usiku ile homa ilipopanda. Kisichobadilika kinaanza kutikisika, na macho yanakiona tena, kama taa zinaporudi.

"Wenzako wamelala KCMC"

Turudi kwenye lile jibu la kijiweni. Kwa juu juu linafanana na zoezi la kutoa, lakini linafanya kazi tofauti. Kutoa kunakutazamisha maisha yako mwenyewe. Kulinganisha kunakutuma ukakope nafuu kwenye kitanda cha mtu mwingine, na mkopo huo una masharti: lazima daima awepo aliye chini yako. Siku wewe ndiye uliyelazwa, utashukuru kwa kumtazama nani? Aliye chumba cha wagonjwa mahututi? Naye je? Nimekaa na wagonjwa, na sijamsikia hata mmoja aliyefurahi kuwa kipimo cha uzima wa wengine.

Tena jibu hilo hutumika kama kufuli. Dada wa kazi anauliza mshahara wa miezi miwili. Anaambiwa ashukuru ana pa kulala. Kijana anauliza kwa nini mkataba wake haujaandikwa. Anaambiwa wako wengi mtaani wanaoitaka nafasi yake. Hapo shukrani imegeuzwa risiti ya deni ambalo halijalipwa. Kushukuru kwa ulichopata hakufuti unachodai. Wakulima wa kahawa wa mlima huu walilijua hilo mapema: waliunda chama chao cha wapandaji mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, kwa ajili ya kusimamia na kuuza kahawa yao wenyewe. Asiyeithamini kahawa yake angejali bei ya nini? Mara nyingi anayeona vizuri thamani ya kitu ndiye anayepiga kelele kinapopunjwa.

Na lipo hili ambalo lazima lisemwe bila kupambwa. Mwaka 2021 Jennifer Cheavens na David Cregg walikusanya matokeo ya tafiti 27 kuhusu mazoezi ya shukrani na dalili za sonona na wasiwasi. Msaada ulikuwepo, lakini mdogo. Ikiwa wiki mbili na zaidi mtu hana hamu ya chochote, hata vile alivyovipenda, usingizi umeharibika, chakula hakina maana, anajiona mzigo, huo ni ugonjwa na unatibika hospitalini. Kumwambia ahesabu baraka ni kumwongezea kosa: sasa ana huzuni, na juu yake ana hatia ya kuwa na huzuni ilhali "ana kila kitu."

Mkungu unaouzwa mara tatu

Kama ningetakiwa kumwonyesha mgeni shukrani inayofanya kazi, nisingempeleka kwenye daftari. Ningempeleka nje ya kanisa Jumapili, baada ya ibada, kwenye usharika wowote wa KKKT, kanisa la Kilutheri, huku milimani, au Arusha kuelekea Meru, kwenye mnada wa sadaka za mavuno.

Asiye na fedha taslimu ameleta alichonacho: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, mayai kwenye bakuli yamefunikwa na kitambaa, ndoo ya parachichi, chupa ya maziwa. Mzee wa kanisa mwenye sauti ananadi. Anaanza na bei ya sokoni, na hapo ndipo mantiki ya soko inapokufa, kwa sababu watu wanapandisha wakijua kabisa kwamba kwa fedha hiyo wangepata mikungu miwili Kiboriloni. Mwalimu anaununua. Anasema, "Urudisheni." Unanadiwa tena. Kijana aliyekuja kutoka Dar kumsalimia bibi yake anaununua, watu wanampigia makofi, naye anautuma kwa mjane anayekaa nyuma ya kanisa. Au anaurudisha nao, ukauzwa mara ya tatu. Jogoo anamponyoka mtu, watoto wanamfukuza mpaka kwenye migomba, mnadishaji anatangaza kwamba bei ya jogoo imepanda kwa sababu amethibitisha afya yake.

Aliyeleta mkungu anajulikana. Kilichomfanya ashukuru kinaonekana, kina uzito, kimebebwa begani kutoka kihambani. Wanaonunua wanacheka pamoja, na kile Provine alichokisema kuhusu kicheko kiko pale uwanjani bila vifaa. Hakuna anayeambiwa ashukuru kwa kuwa wengine hawana. Asiyenacho ndiye anayepelekewa mkungu mwisho wa yote. Na ni mara moja kwa wiki, dozi ile ile ya Lyubomirsky, ingawa walioianzisha hawakumngoja.

Kinachobaki kuwa kigumu, kwa maoni yangu, ni shukrani ya mtu kwa mtu, ana kwa ana. Mungu tunamshukuru kwa urahisi, hadharani, kwa spika. Fundi, mke, mwalimu wa zamani, yule mhudumu wa stendi aliyekukimbizia begi ulilosahau, hao tunawapita. Tuna kinga mbili za methali. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo bosi hasifu. Tenda wema nenda zako, kwa hiyo mtenda wema hatarajii. Na sisi tuliotendewa tumeigeuza methali iliyokuwa ya mtoaji ikawa ruhusa ya mpokeaji kukaa kimya.

Amit Kumar na Nicholas Epley walilipima hilo mwaka 2018. Waliwaomba watu waandike barua za shukrani kwa waliowatendea wema, wabashiri zitapokewaje, kisha wakawauliza waliozipokea. Waandishi walikosea upande mmoja: walidhani mpokeaji hatashangaa sana, hatafurahi sana, na ataona ni jambo la ajabu ajabu. Wapokeaji walifurahi kuliko ilivyobashiriwa, na uajabu haukuwa mkubwa kama waandishi walivyohofia. Wengi hunyamaza, kumbe, kwa kuogopa aibu ambayo haipo.

Huku kwetu ongeza kizuizi kimoja ambacho watafiti hao hawakukutana nacho. Ukimpigia mtu mliyepoteana miaka mitano, ukaanza, "Shikamoo mwalimu, nimekukumbuka sana, ulinisaidia mno," upande wa pili kimya kinatanda. Anahesabu salio. Anangoja mzinga. Kila sifa unayoongeza inampandisha presha, kwa kuwa uzoefu wake unamwambia sifa kubwa huja na ombi kubwa. Kwa hiyo uliye na mtu wa kumshukuru, tanguliza mapema, kabla ya sifa zozote: sina shida, sijafiwa, sina harusi, sichangishi. Kisha mtajie lile jambo moja, kwa siku yake na mahali pake, ile ada aliyokulipia kidato cha pili au lile koti la Julai. Usiongeze hotuba. Asipoamini bado, kata simu umtumie vocha.